Sense and Sensibility: mabinti wawili, pauni 500 kwa mwaka na siri ya miezi minne

Sura ya 2 ya Sense and Sensibility, riwaya ya Jane Austen, haina mapenzi hata chembe, lakini ndiyo sura ya kusomwa mara mbili kabla ya kuendelea. Mume na mke wamekaa wanajadili msaada. Baba mtu amefariki baada ya kumwahidisha mwanawe wa kiume, John Dashwood, kwamba atamtunza mama yake wa kambo na dada zake watatu. John anaanza na nia njema: pauni 1,000 kwa kila dada, jumla 3,000. Mkewe Fanny anaguna. Zinashuka hadi 500 kwa kila mmoja. Kisha wazo la kuwagawia fungu linaachwa, badala yake mama yao apewe posho ya pauni 100 kila mwaka. Fanny anakumbusha kwamba mtu akishawekewa posho ya namna hiyo hafi, na mjane mwenyewe hajafika vizuri miaka 40, afya tele. Basi pauni 50 mara mojamoja. Basi tuwasaidie kuhama tu. Basi tuwapelekee samaki na nyama ya mawindo msimu wake ukifika. Mwishoni Fanny anaingiwa na kijicho hadi kwa vyombo vya kifungua kinywa ambavyo mjane ataondoka navyo.

Riwaya hii ya Jane Austen, iliyotoka London mwaka 1811 katika juzuu tatu bila jina la mwandishi, husifiwa kama hadithi ya wawili kati ya dada hao watatu, wenye tabia zisizopatana. Elinor ana miaka 19, ni mtulivu, hupima neno kabla halijatoka. Marianne ana miaka 16, husema alilo nalo moyoni na hulia mbele ya yeyote aliyepo. Sifa hiyo ni kweli, ila haijakamilika. Tabia za mabinti hawa zimejengwa juu ya hesabu ya fedha, na msomaji asiyeifuata atamwona Elinor baridi na Marianne mjinga, na wote wawili atakuwa amewaonea. Uhakiki huu unagusa mambo hadi sura ya mwisho, kwa hiyo anayetaka kushtukizwa na hadithi aanze na kitabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Shamba la Norland, huko Sussex, lilikuwa la mzee mseja wa ukoo wa Dashwood. Mabinti na wazazi wao waliishi naye na kumhudumia miaka 10. Alipofariki, wosia wake ulilifunga shamba lipite kwa baba yao, kisha kwa John, kisha kwa mtoto wa John mwenye miaka minne, ambaye mzee alivutiwa na matamshi yake ya kitoto na makelele yake. Mabinti waliambulia pauni 1,000 kila mmoja. Baba yao naye aliishi mwaka mmoja tu baada ya hapo, akiwa hana ruhusa hata ya kuuza miti ya shamba ili awawekee akiba. Alichokuwa nacho mwenyewe ni pauni 7,000. Jumlisha: 10,000, ambazo kwa riba ya asilimia 5 huleta 500 kwa mwaka kwa wanawake wanne. Wapo wanaoandika kwamba wasichana hawa walinyimwa na sheria ya mirathi ya Uingereza. Hapana. Walinyimwa na wosia, yaani na mtu mmoja aliyekaa akachagua, na ndiyo maana sura ya kwanza ina uchungu uliofichwa ndani ya utani.

Pauni 500 si ufukara. Zinatosha nyumba ndogo na watumishi watatu. Hazitoshi gari la farasi. Angalia nani ndani ya familia anayelijua hilo. Mama yao anataka nyumba kubwa, Elinor anazikataa moja baada ya nyingine. Mama anataka kubaki na gari, Elinor anashauri liuzwe. Idadi ya watumishi, wanawake wawili na mwanamume mmoja, imepangwa na Elinor. Wakihamia Barton Cottage, maili nne kaskazini ya Exeter katika Devonshire, nyumba ina sebule mbili za futi 16 kwa 16, vyumba vinne vya kulala na viwili vya darini. Mama anaanza papo hapo kupanga upanuzi wa jengo, kwa akiba itakayotoka kwa mtu ambaye hajawahi kuweka akiba maishani mwake. Binti wa miaka 19 ndiye mhasibu wa nyumba hii, na utulivu wake ni kazi anayoifanya kwa sababu hakuna mwingine wa kuifanya. Kama mama angekuwa mtu wa kipimo, huenda Elinor naye angepata nafasi ya kupagawa kidogo.

Mfano mzuri zaidi uko sura ya 12. Willoughby, kijana aliyembeba Marianne alipoteguka kifundo cha mguu akikimbia mvua mlimani, anataka kumpa zawadi ya farasi aitwaye Queen Mab. Marianne anaona ni furaha tupu. Elinor anahesabu: farasi wa zawadi anahitaji zizi, zizi linahitaji mtumishi, mtumishi anahitaji farasi wa pili ili amfuate binti akitoka matembezini. Anajaribu kwanza kumwambia mdogo wake kwamba si vizuri kupokea kitu kikubwa kutoka kwa mwanamume wasiyemjua vizuri. Anagonga mwamba, Marianne anajibu kwamba siku saba zinaweza kutosha kumjua mtu. Elinor anabadili njia, anataja mzigo utakaomwangukia mama yao. Hapo ndipo Marianne analegea. Mwenye mdogo wake mwenye moyo wa moto aisome sura hiyo polepole: hoja ya heshima haikufua dafu, hoja ya upendo ilifanya kazi ndani ya dakika chache.

Halafu sura ya 17, ambapo dada hao wanabishana kuhusu utajiri. Marianne anasema fedha hazileti furaha zaidi ya kumtosha mtu kuishi kwa staha. Elinor anasema fedha zina uzito wake katika furaha. Wanapoulizana viwango, kinachomtosha Marianne ni pauni 1,800 au 2,000 kwa mwaka, na kinachoitwa utajiri na Elinor ni 1,000. Mpuuza fedha ndiye mwenye gharama mara mbili! Mwandishi haongezi neno, anamwacha Marianne ataje watumishi, gari, pengine mawili, na farasi wa mawindo, na Elinor anatabasamu kwa kuwa orodha hiyo ni nyumba ya Willoughby ilivyo. Na kuna utani mwingine ambao kitabu hakiutangazi popote: pauni 2,000 kwa mwaka ndizo hasa za Kanali Brandon, mwanamume wa miaka 35 ambaye Marianne anamcheka kwa uzee na kwa fulana yake ya flaneli.

Msomaji wa leo hukwama kwenye adabu za uchumba, na hapa maelezo kidogo yanaokoa kurasa nyingi. Majina kwanza: "Miss Dashwood" ni Elinor peke yake kwa sababu ni mkubwa, wadogo huitwa kwa jina lao la kwanza baada ya "Miss". Mwanamume asiye ndugu akimwita binti "Marianne" tupu, wanaosikia huchukulia kuna ahadi. Barua nazo ni nzito zaidi. Binti na kijana ambao hawajachumbiana hawaandikiani, kwa hiyo Elinor akimwona mdogo wake akiandika kwenda kwa Willoughby anahitimisha kwamba wamekubaliana kuoana. Kisha uchumba wenyewe: mwanamume akishatoa neno hawezi kulirudisha bila kujivunjia heshima. Binti ndiye anayeweza kumwachia.

Ukishayajua hayo, mtego wa juzuu ya kwanza unaonekana wazi. Tunapewa ushahidi mmoja baada ya mwingine kwamba Marianne ni mchumba wa Willoughby: jina tupu, kishungi cha nywele alichokata, ziara ya wawili peke yao katika nyumba ya Allenham, mwenye nyumba akiwemo na Marianne hata hamjui, baadaye barua. Kila mtu anaamini. Na hapakuwa na ahadi yoyote. Hadithi inasimuliwa karibu wakati wote kutoka begani mwa Elinor, hivyo tunakosea pamoja naye. Upande wa Elinor mtego umegeuzwa: Edward Ferrars, kaka yake Fanny, anakuja na pete yenye nywele, Elinor anadhani ni zake zilizochukuliwa kwa siri, na sura ya 22 inatufungua macho. Nywele ni za Lucy Steele, ambaye Edward amemchumbia kisirisiri miaka minne iliyopita, akiwa kijana asiye na la kufanya katika nyumba ya mwalimu wake. Huyu hawezi kujitoa, kanuni ya adabu imemkamata. Binti asiye na ahadi kila mtu anamdhania anayo, na kijana mwenye ahadi hakuna anayejua.

Lucy ndiye mhusika aliyetengenezwa kwa ustadi mkubwa kuliko wote. Hamwendei Elinor kwa ugomvi, anamwendea kwa kumwamini. Siri anayompa ni kufuli mdomoni: Elinor hawezi kumwambia mama, hawezi kumwambia Marianne, hawezi hata kuonyesha kwamba imemuuma. Anaibeba miezi minne. Usome mazungumzo yao ya sura ya 22 na 24 ukiangalia nani anatazama uso wa nani, maana maneno yote ni ya urafiki na hakuna hata moja la kirafiki.

Anayetaka kuona tofauti ya dada hawa kwa macho aweke sura ya 16 na ya 19 sambamba. Katika ya kwanza Willoughby ameondoka ghafla. Marianne anaona ni aibu kulala usiku huo. Asubuhi kichwa kinamuuma, hali chakula, anapiga nyimbo zote alizokuwa akimpigia Willoughby, anasoma vitabu walivyosoma pamoja. Katika ya pili Edward ameondoka, naye kwa huzuni isiyoelezeka. Elinor anakaa mezani kuchora mara tu anapotoka, hajifungii chumbani, hataji jina lake wala haliepuki. Anamfikiria siku nzima, kila saa, ila penseli haijaacha kutembea. Marianne anauangalia utulivu huo na kuhitimisha kwamba dada yake hapendi sana. Kosa hilo linalipwa katika sura ya 37, pale siri inapofichuka na Elinor, kwa mara ya kwanza, anazungumza mfululizo kuhusu miezi minne aliyopiga moyo konde. Ni sauti isiyopanda, na inauma kuliko vilio vyote vya London. Kama ni lazima uchague sura moja ya kumsomea mtu asiyekipenda kitabu hiki, chagua hiyo.

Willoughby, kwa upande wake, anamwoa Miss Grey mwenye pauni 50,000. Piga hesabu ileile ya asilimia 5: 2,500 kwa mwaka, dhidi ya 50 ambazo pauni 1,000 za Marianne zingeleta. Barua yake ya kumkana Marianne katika sura ya 29 ni ya kikatili kiasi cha kutoaminika, na sura ya 44 inaeleza sababu: maneno yaliandikwa na bibi harusi, yeye alinakili tu. Sehemu hiyo ya 44, Willoughby akifika usiku akidhani Marianne anakufa, huwagawa wasomaji. Wengine wanaona mwandishi amemwonea huruma mtu aliyemharibia maisha binti mwingine, Eliza, na kumtelekeza na mimba. Naona kinyume. Anajitetea kwa ufasaha mkubwa na karibu kila sentensi ni kuhusu nafsi yake. Elinor mwenyewe analainika kwa muda, kisha akili inamrudia na anaona kwamba huyu anajuta kwa kuwa hakupata, si kwa alichokitenda.

Na ugonjwa wa Marianne? Usichukuliwe kama kifaa cha kutoa machozi. Ameshakosa usingizi na chakula kwa miezi, kisha anatembea kwenye majani marefu yaliyolowa jioni mbili huko Cleveland, nyumba ya shambani ya akina Palmer, na kukaa na viatu na soksi zile zile mbichi. Mafua, homa, daktari wa dawa anataja maradhi ya kuambukiza, mwenye nyumba anamtorosha mtoto wake mchanga. Akipona, Marianne anakiri katika sura ya 46 kwamba alijitafutia mwenyewe. Ni binti wa miaka 17 anayesema hivyo bila kusukumwa, na ndipo anapokua.

Kasoro zipo, na si ndogo. Margaret, mdogo wa miaka 13, amesahaulika. Anahitajika kuropoka siri mara mbili tatu na basi. Edward ni mzito: vikao vyake vingi ni vya mtu anayetazama dirishani, na posa yake kwa Elinor hatuisikii kabisa, tunaambiwa tu kwamba imefanyika. Lucy kumwacha Edward na kuolewa na mdogo wake Robert, baada ya mama yao kuhamishia urithi kwa Robert, kunaendana na tabia yake lakini kunatokea kwa wepesi unaomfaa mwandishi mno. Kubwa zaidi ni Marianne. Sauti iliyojaa kitabu kizima inazimwa katika sura ya mwisho: akiwa na miaka 19 anakabidhiwa kwa Kanali Brandon kwa kurasa chache, bila yeye kusikika akisema neno. Brandon ni mtu mwema, hilo halina ubishi. Lakini tumeonyeshwa kwa sura 40 jinsi binti huyu anavyopenda, na upendo huu wa pili tumesimuliwa tu. Elinor ametendewa vyema zaidi: sura ya 48, Edward akiharibu mkasi na ala yake, na Elinor akitoka chumbani karibu kwa kukimbia ili alie kwa furaha nyuma ya mlango. Hata ndoa yao inasubiri hesabu. Edward ana pauni 2,000, Elinor 1,000, riba 150, ukasisi wa Delaford, kwenye shamba la Brandon, unaleta 200. Jumla 350 kwa mwaka, na msimulizi anasema wazi kwamba hawakupendana kiasi cha kudhani zinatosha. Wanangoja hadi mama mkwe alainike na kutoa 10,000.

Sasa kukisoma. Kina sura 50, nyingi fupi, na Kiingereza chenye sentensi ndefu za vituo vingi. Ukipotea, tafuta kitenzi kikuu kwanza, kejeli huwa inakaa mkiani mwa sentensi. Sura 22 za mwanzo ndizo juzuu ya kwanza na zinafaa kumalizwa bila kukatisha sana, kwa sababu dalili zimetawanywa humo. Wengi huachia kati ya sura ya 32 na 36, kwenye karamu na ziara za London. Vumilia. Sura ya 33 ina Robert Ferrars akiagiza kikasha cha vijiti vya meno kwa umakini wa jenerali, na ya 34 ina mama yake Robert akiidharau michoro ya Elinor mbele za watu hadi Marianne analipuka kumtetea dada yake. Ni upendo wa dada kwa dada ulio wazi kuliko mahali pengine popote kitabuni.

Hati miliki imeisha zamani, kwa hiyo maandishi yote yanapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na kusomwa kwa sauti kwenye tovuti ya LibriVox. Shida moja ya kiutendaji: matoleo ya bure huhesabu sura 1 hadi 50 mfululizo, wakati matoleo mengi ya kitaaluma huanza upya kila juzuu. Mwongozo ukisema juzuu ya 2, sura ya 1, hiyo ni sura ya 23; juzuu ya 3, sura ya 1, ni ya 37. Kwa anayesoma mara ya kwanza, toleo lenye maelezo ya chini kuhusu fedha na desturi lina faida kuliko la bure. Ukilinunua, angalia limefuata chapa ipi. Katika chapa ya 1811, sura ya 13, Lady Middleton, mke wa mwenye Barton Cottage, anashtushwa na utajo wa mtoto wa nje ya ndoa hadi anajilazimisha kuzungumzia hali ya hewa. Sentensi hiyo iliondolewa katika chapa ya 1813, na ni hasara.

Filamu ya 1995 iliyoongozwa na Ang Lee, kwa mswada wa Emma Thompson uliopata Oscar, ni nzuri kwa haki yake na inampa Margaret uhai ambao kitabu kilimnyima. Lakini Thompson, aliyekuwa na miaka zaidi ya 30, ndiye Elinor, na hapo umri unapotea: unamwona mwanamke mzima mwenye busara badala ya msichana wa miaka 19 aliyebebeshwa nyumba. Ziara ya usiku ya Willoughby imeondolewa kabisa. Anayetaka vyote viwili aitazame baada ya kumaliza sura ya 44, sio kabla.